Uzito na klachi: Siri ya bagi la rimoti lisilovunjika ovyo

JE, nyumbani kwenu kuna gari la rimoti lililo juu ya kabati likikusanya vumbi? Huenda mjomba aliye ughaibuni alilileta wakati wa Krismasi, watoto wakalichezea wiki mbili kwa shangwe na vifijo, kisha siku moja likaruka kilima cha udongo, likatua kwa kishindo, likalia "krrr!" na tangu siku hiyo mota huzunguka lakini magurudumu hayasongi. Baba akawalaumu watoto, watoto wakalilaumu gari, na gari likapandishwa kabatini.

Mara nyingi, msomaji mpendwa, wa kulaumiwa si baba wala mtoto. Ni nati moja ndogo ambayo hakuna aliyeigusa tangu gari litoke katoni, pamoja na uzito ambao hakuna aliyewahi kuupima. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua kama bagi litashika barabara au litabiringika, na kama gia zake zitadumu miezi kadhaa au zitakwisha siku moja. Kwa kuwa vipuri vyake vingi huagizwa kutoka nje, gia moja iliyosagika inaweza kumweka mtoto akisubiri kwa majuma. Wengine hukata tamaa kabisa kabla gia mpya haijafika.

Habari njema ni kwamba marekebisho yenyewe hayahitaji fundi. Yanahitaji mizani ya jikoni, spana ndogo, kipande cha karatasi na alasiri moja ya Jumapili.

GARI LIPI TUNALOZUNGUMZIA?

Kwanza tuelewane. Hapa hatuzungumzii yale magari ya rimoti ya dukani ambayo yakiharibika hutupwa. Tunazungumzia bagi la mashindano, yaani gari linaloweza kufunguliwa bolti kwa bolti na kila kipande chake kubadilishwa. Mfano wetu ni bagi la umeme la kipimo cha moja kwa kumi, lenye kusukumwa na magurudumu mawili ya nyuma. Ndilo linalowafundisha wengi mchezo huu, na pia ndilo linaloadhibu makosa haraka zaidi, kwa sababu magurudumu mawili peke yake hubeba kazi yote ya kulisukuma.

Mchezo huu si wa jana. Kampuni ya Tamiya ya Japan ilitoa mabagi yake ya Sand Scorcher na Rough Rider mwaka 1979, na watu wakagundua kwamba gari la rimoti linaweza kuondoka kwenye lami na kuingia mchangani. Mwaka 1984 kampuni ya Team Associated ya California, Marekani, ikatoa RC10, bagi lenye chasisi ya aluminiamu lililotengenezwa kwa nia ya kushindana. Mwaka uliofuata, 1985, mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia ya mabagi ya kipimo hicho yakafanyika huko huko California. Bingwa anayetajwa zaidi katika historia ya mchezo huu ni Masami Hirosaka wa Japan, aliyetwaa mataji 14 ya dunia.

Mabagi mengi ya watoto ya miaka ile, kama vile Grasshopper ya Tamiya ya mwaka 1984, hayakuwa na klachi. Nguvu ya mota ilikwenda moja kwa moja hadi magurudumuni. Yaliweza kuvumilia kwa sababu mota zake zilikuwa za upole. Mota za leo zisizo na brashi, zikipewa umeme na betri za lithiamu, zina nguvu nyingi zaidi. Bila klachi ya kuteleza, nguvu hiyo huishia kuvunja meno ya gia.

ANZA NA UZITO

Watu wengi hukimbilia klachi kwanza. Hilo ni kama kukaza mkanda kabla ya kuvaa suruali. Uzito ndio unaoamua magurudumu yatashika ardhi kiasi gani, na mshiko huo ndio unaoamua klachi itafanya kazi kiasi gani. Ukirekebisha klachi leo na kesho ukahamisha betri, itakubidi uanze upya.

Mkenya hahitaji darasa refu ili kuelewa uzito unavyohama. Ukiwa ndani ya matatu na dereva akakanyaga breki ghafla, abiria wote hutupwa mbele. Akiondoka kwa fujo, vichwa hurudi nyuma. Akikata kona kwa kasi upande wa kulia, nyote mnaegemea kushoto. Bagi lako hufanya vivyo hivyo. Ukifyatua mafuta, kama tunavyosema ingawa ni umeme, uzito huelemea nyuma, magurudumu ya nyuma yakagandamizwa chini na ya mbele yakawa mepesi. Ukishika breki, mambo hugeuka.

Ndiyo sababu bagi lenye uzito mwingi nyuma huondoka vizuri kwenye udongo uliolegea, lakini likifika konani hukataa kupinda na kwenda moja kwa moja ukutani. Nalo lenye uzito mwingi mbele hupinda kwa wepesi, lakini ukifyatua mafuta mkia wake huzunguka kama pia. Kazi yako ni kutafuta mahali pa katikati panapofaa uwanja unaochezea.

Viwanja navyo hutofautiana. Kwa miaka mingi mabagi ya mbio yalifungwa mota nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma, kwa sababu viwanja vilikuwa vya udongo na vumbi. Viwanja vya ndani vyenye udongo ulioshindiliwa, zulia au nyasi bandia vilipoenea, mshiko ukawa mwingi mno, na mota ikaanza kuhamishiwa mbele ya ekseli hiyo. Bagi la TLR 22 lililotoka mwaka 2011 liliweza kufungwa kwa njia zote mbili, mota nyuma au mota katikati. Angalia bagi lako lina mtindo upi. Kwa viwanja vyetu vya maramu, bagi lenye mota nyuma si la kudharauliwa hata kidogo.

MIZANI YA JIKONI

Sasa mwombe mama mizani yake ya kidijitali ya kupimia unga. Kama unaweza kuazima ya pili kwa jirani, kazi itakuwa nyepesi zaidi.

Bagi lipimwe likiwa tayari kwa mbio. Betri iwe ndani, bodi iwe imefungwa, magurudumu yawe yale yale utakayotumia. Kupima gari bila betri ni kazi bure.

Weka mizani mbili juu ya meza iliyo sawasawa. Magurudumu ya mbele yakae juu ya mizani moja na ya nyuma juu ya nyingine. Kama una mizani moja, tafuta kitabu au ubao wenye kimo sawa na mizani, ukiweke upande wa pili, upime mbele kisha upime nyuma. Kimo kikitofautiana, gari litainama na hesabu itakudanganya.

Tuseme mbele umepata gramu 600 na nyuma gramu 1,000. Jumla ni gramu 1,600. Gawanya uzito wa nyuma kwa jumla, uzidishe kwa mia: utapata asilimia 62.5 nyuma. Andika takwimu hiyo daftarini pamoja na tarehe na hali ya uwanja. Daftari hili ni muhimu kuliko spana yoyote.

Je, jumla inafaa? Katika sheria za mashindano ya kimataifa, bagi la magurudumu manne yanayosukuma halipaswi kupungua gramu 1,588, nalo la magurudumu mawili huwekewa kiwango cha chini cha kama kilo moja na nusu. Wewe unayecheza mtaani huna mwamuzi wa kukupima, lakini usijidanganye kwamba gari jepesi sana ndilo bora. Gari jepesi kupita kiasi huruka-ruka kwenye mashimo kama mpira. Gari zito kupita kiasi huchosha mota, betri na gia. Ukiwa karibu na kiwango hicho, shughulika na mahali uzito ulipo, si wingi wake.

HAMISHA BETRI KABLA YA KUONGEZA RISASI

Betri ndiyo mzigo mkubwa unaoweza kuuhamisha bila kulipa hata senti moja. Mabagi mengi huwa na nafasi ya kusogeza betri mbele au nyuma, ikizuiwa kwa vipande vya sponji.

Wanafunzi, hapa ndipo somo la nyenzo mlilofundishwa darasani linapofanya kazi. Chukulia kwamba kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna sentimita 28, na betri yako ina uzito wa gramu 200. Ukiisogeza mbele sentimita 2.8, ambayo ni sehemu moja ya kumi ya umbali huo, unahamisha sehemu moja ya kumi ya uzito wa betri. Yaani gramu 20 zimetoka kwenye magurudumu ya nyuma na kwenda kwa ya mbele. Gari letu la mfano sasa litakuwa na gramu 620 mbele na 980 nyuma, na asilimia ya nyuma itashuka hadi 61.25.

Gramu 20 unaweza kuziona kidogo, lakini ziende uwanjani uone. Haba na haba hujaza kibaba. Sogeza kidogo, endesha mizunguko mitano, andika, kisha sogeza tena. Usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja, kwa maana gari likibadilika hutajua ni lipi lililolibadilisha.

Betri ikiwa imefika mwisho na bado hujaridhika, ndipo uongeze risasi. Madini ya risasi, au vile vipande vya chuma vyenye gundi ambavyo mafundi wa magurudumu hubandika kwenye rimu wakati wa kufanya balansi, vinafaa sana. Vibandike chini kabisa kwenye chasisi, si juu ya bodi. Ukiweka kipande cha gramu 30 juu kabisa ya ekseli ya nyuma, gramu zote 30 zitabebwa na magurudumu ya nyuma. Ukikipitisha nyuma ya ekseli, kitaanza kuinua pua, kama mtoto mzito anavyomwinua mwenzake kwenye bembea ya mbao. Na uzito ulio mbali na katikati ya gari hulifanya liwe zito kuanza kuzunguka na zito kuacha kuzunguka.

Wazazi, kumbukeni kwamba risasi ni sumu. Baada ya kuishika, nawa mikono kwa sabuni, wala usiikate mezani panapoliwa. Vipande vya chuma au shaba ni salama zaidi nyumbani penye watoto wadogo.

KUSHOTO NA KULIA

Bagi linaweza kuwa na uzito mzuri mbele na nyuma lakini likawa linaegemea upande mmoja. Dalili yake ni hii: kona za kulia zinapindika vizuri, kushoto linasusa, au likiruka linatua kwa gurudumu moja kwanza.

Ili kupima, tafuta ncha mbili, kwa mfano misumari miwili iliyopigwa kwenye vibao. Liinue bagi kwa ncha hizo katikati kabisa ya chasisi, moja mbele na moja nyuma. Likianguka upande wa kushoto kila mara, kulia kunahitaji uzito. Bandika kipande kidogo upande wa kulia, ukijaribu tena hadi gari lisite bila kuanguka haraka upande wowote.

Ukimaliza, liangushe bagi kutoka kimo cha kama sentimita 15 juu ya meza, liache likae, kisha uangalie kimo chake. Uzito ulioongeza umeshinikiza springi. Kwenye udongo, wengi huanza kwa kurekebisha springi za nyuma hadi zile shafti zinazopeleka nguvu magurudumuni zikae mlalo, bila kuinama upande wowote. Hakikisha pia kushoto na kulia pana kimo kimoja.

KLACHI NI FYUZI YA GARI

Sasa tuje kwa klachi. Nyumbani mwenu kuna fyuzi. Umeme ukizidi, fyuzi hukatika ili televisheni isiungue. Klachi ya kuteleza hufanya kazi hiyo hiyo, ila badala ya kukatika huteleza kwa nukta moja kisha hushika tena.

Ukifungua kifuniko cha gia utaona gia kubwa ya plastiki inayozungushwa na pinioni ndogo ya chuma iliyo kwenye mota. Gia hiyo ya plastiki haikufungwa moja kwa moja kwenye shafti. Imebanwa kati ya sahani mbili za chuma, na katikati yake kuna vipande vya kusugua vinavyofanana na pedi za breki. Nje ya hapo pana springi, na nje ya springi pana nati. Ukikaza nati, springi hubana sahani na klachi hushika kwa nguvu. Ukiilegeza, klachi huteleza mapema.

Kwa nini gari litake kuteleza? Fikiria bagi likiwa hewani huku kidole chako kingali kwenye mafuta. Magurudumu hayana kinachoyazuia, kwa hivyo huzunguka kwa kasi ajabu. Kisha yanagusa ardhi, na ardhi inayapunguza kasi mara moja, ilhali mota bado inataka kwenda. Nguvu hiyo lazima itafute pa kutokea. Klachi ikiwa imekazwa kama iliyochomelewa, itatokea kwenye meno ya gia, kwenye difu au kwenye shafti. Klachi ikiwa sawa, itateleza kidogo, ipate joto kidogo, na safari iendelee.

Faida ya pili ni wakati wa kuondoka. Klachi iliyorekebishwa vyema hupunguza ule mshtuko wa kwanza wa mota, magurudumu yasizunguke bure yakirusha vumbi huku gari likibaki pale pale.

JINSI YA KUIREKEBISHA

Kwanza, hakikisha pinioni na gia kubwa zinakutana sawasawa. Pitisha kipande cha karatasi ya daftari kati ya meno yake, sukuma mota hadi meno yabane karatasi, kaza bolti za mota, kisha izungushe karatasi itoke. Karatasi inapaswa kutoka na mikunjo bila kuchanika. Meno yakibanana mno hulia na kupata joto. Yakiachana mno husagana.

Pili, kaza nati ya klachi hadi ncha ya shafti ilingane na uso wa nati. Hapo ndipo pa kuanzia kwa mabagi mengi, lakini kama kitabu cha gari lako kinasema vingine, kifuate hicho. Kuanzia hapo, usizungushe nati zaidi ya thumuni moja kwa wakati mmoja, yaani sehemu moja ya nane ya mzunguko. Haraka haraka haina baraka.

Tatu, fanya jaribio la mikono. Hili lifanywe na mtu mzima. Weka bagi chini, ubane magurudumu yote mawili ya nyuma kwa nguvu yasizunguke, vidole vikiwa mbali na gia, mikono ya shati ikiwa imekunjwa. Mwenzako afyatue mafuta kwa nukta moja tu. Pua ya gari inapaswa kunyanyuka kidogo, kama vidole viwili au vitatu, huku ukisikia klachi ikilia "ziii". Pua ikirushwa juu kabisa bila klachi kulia, imekazwa mno: legeza thumuni moja. Klachi ikilia bila pua kusogea, imelegea: kaza thumuni moja. Kama mota yako ni ya upole na haiwezi kuinua pua, usijali, nenda jaribio linalofuata. Usirudie jaribio hili mara nyingi mfululizo, kwani joto la msuguano linaweza kuyeyusha gia ya plastiki.

Nne, nenda uwanjani. Liondoe bagi kutoka kusimama kwa mafuta yote mahali penye mshiko mzuri. Sikiliza. Ule mlio wa klachi unapaswa kusikika katika nusu mita hadi mita moja ya kwanza, kisha ukome. Ukiendelea kusikika gari likiwa limekwenda mita kadhaa, kaza kidogo. Usiposikika kamwe na gari likainua pua, legeza.

USISAHAU DIFU

Kuna kosa moja ambalo huwagharimu wengi. Baadhi ya mabagi ya aina hii yana difu ya vigololi, ambayo nayo hushikana kwa msuguano. Klachi ikikazwa kuliko difu, difu ndiyo itakayoteleza kwanza. Vigololi vikiteleza hukwaruza sahani zake, na difu huharibika upesi. Kanuni ni moja: klachi iteleze kabla ya difu.

Kuikagua ni rahisi, gari likiwa limezimwa. Bana gia kubwa kwa kidole gumba. Mwenzako abane gurudumu moja la nyuma. Wewe jaribu kuzungusha gurudumu la pili kwa mkono mwingine huku ukiitazama ile nati ya klachi. Gurudumu likikubali kuzunguka na nati nayo ikazunguka, klachi ndiyo inayoteleza, na mambo ni shwari. Gurudumu likizunguka na nati ikabaki tuli, difu ndiyo inayoteleza. Simamisha kila kitu, kaza difu kidogo au legeza klachi, kisha ukague tena.

SOMA ISHARA

Baada ya hapo, gari lenyewe litakuwa likikueleza hali yake. Mlio wa "ziii" katikati ya mbio unaonyesha klachi inalegea. Harufu ya plastiki inayoungua ni amri ya kusimama mara moja. Klachi inayoshika na kuachia bila mpango huenda ina vipande vya kusugua vilivyong'aa kama kioo; vifungue, visugue taratibu kwa msasa laini, futa sahani kwa spiriti, usiguse kwa vidole vyenye mafuta. Nati isiyokaa mahali pake huenda mpira wake wa nailoni wa ndani umechakaa. Ibadilishe, ni kitu kidogo lakini usipoziba ufa utajenga ukuta.

Gari likikataa kupinda, rudi kwenye daftari, usogeze betri mbele kidogo. Mkia ukizunguka kila ukifyatua mafuta, irudishe nyuma. Likibiringika kwenye kona zenye mshiko, tafuta ni kitu gani kizito kilichokaa juu, ukishushe.

Na ukihama kutoka uwanja wa maramu wenye vumbi kwenda kwenye saruji au zulia, kagua klachi upya. Penye vumbi, magurudumu huteleza kabla ya klachi, kwa hivyo klachi hupumzika. Penye mshiko, magurudumu hayatelezi, na mzigo wote huiangukia klachi. Waliotazama mbio za Safari Rally zilizorejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha wanajua jinsi mafundi wanavyolibadilisha gari kulingana na barabara. Wewe nawe ni fundi wa timu yako.

Tahadhari moja ya mwisho ni kuhusu betri za lithiamu. Chaji kwa mashine iliyotengenezewa betri hizo, juu ya saruji au kigae, mtu akiwepo. Seli moja haipaswi kupita volti 4.2. Betri iliyovimba isitumike tena. Kama hutacheza kwa majuma kadhaa, iache ikiwa na takriban volti 3.8 kwa kila seli. Na bagi lichezewe uwanjani, si barabarani: dereva wa lori hawezi kuliona, na mtoto anayelifuata haoni lori.

KAZI YA WAWILI

Huenda umeona kwamba karibu kila hatua hapa inahitaji watu wawili: mmoja abane gurudumu, mwingine atazame nati, mmoja aendeshe, mwingine aandike. Hiyo si bahati mbaya. Mtoto anayepiga hesabu ya asilimia kwa sababu anataka gari lake lipinde hatauliza hesabu inasaidia nini maishani. Naye mzazi anayeketi sakafuni na bisibisi mkononi atasikia mengi ambayo hayasemwi mezani wakati wa chakula.

Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa kununua mota yenye nguvu zaidi, ambayo ndiyo watoto watakayoomba kwanza, fanya nao mapatano. Kwanza uzito upimwe na kuandikwa. Pili klachi irekebishwe. Tatu gari limalize mizunguko 20 bila kubiringika wala kuvunjika. Wakifika hapo, huenda nyote mkagundua kwamba mota iliyokuwemo ilitosha.